Ndoo ya kokoto: kuelewa na kutatua mizozo kazini na nyumbani

Munigi iko kaskazini mwa mji wa Goma, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru, chini ya mlima Nyiragongo. Hapa hakuna mto wala kijito, na udongo ni haba. Mawe ndiyo mengi. Mlima ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, ardhi ilipasuka karibu na Munigi, na lava ikateremka ikapita katikati ya mji mpaka katika ziwa Kivu. Watu walikimbia, kisha wakarudi na kujenga juu ya lava ile ile. Kwa familia nyingi lava imekuwa pia kazi. Unavunja jiwe kwa nyundo mpaka liwe kokoto, graviye kama tunavyosema hapa, na wajenzi wa mjini wananunua.

Mimi ni mhamasishaji wa shirika moja la hapa kwetu. Ninatembelea vikundi vya akiba, kamati za maji na vikundi vya kazi, na mara nyingi ninaitwa pale watu wanapogombana. Katika somo hili nitaeleza mzozo mmoja wa mwaka 2023 kati ya akina mama wavunja mawe. Nimeuchagua kwa sababu mara ya kwanza niliushughulikia vibaya, na kosa nililofanya nimeliona pia katika maofisi, katika mashule na katika nyumba za watu. Majina siyataji, na mambo machache nimeyabadili ili wahusika wasitambulike.

Ndoo tano zilizopotea

Kikundi kilikuwa cha akina mama 14. Walivunja mawe kwenye parseli ya mtu mmoja aliyetaka kujenga. Yeye alipata kiwanja kilichosawazishwa bila kulipa wafanyakazi, nao walipata mawe. Kila jioni ndoo za kila mama zilihesabiwa na kuandikwa katika kaye, yaani daftari la hesabu. Kaye hiyo ilishikwa na mama mmoja mwenyeji wa Munigi, mtu mzima mwenye wajukuu. Kokoto zote zilirundikwa pamoja. Kamyo ilipokuja ziliuzwa kwa mara moja, na mnunuzi alilipa baada ya siku nne au tano, wakati mwingine zaidi. Hapo kila mmoja alipata kadiri ya ndoo zake.

Wanne kati yao walikuwa wakimbizi wa ndani. Walikimbia vita vya Rutshuru mwishoni mwa mwaka 2022, wakawa wanaishi chini ya maturubai huko Kanyaruchinya, juu kidogo ya Munigi. Mmoja wao, mama kijana mwenye watoto watatu, alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Kuandika hakujua vizuri, lakini kila alipojaza ndoo aliweka kijiwe kimoja pembeni ya mguu wake. Jumamosi moja mahesabu ya wiki yaliposomwa, kaye ilisema ndoo 38. Vijiwe vyake vilikuwa 43.

Alisema mbele ya wote: "Mama, umeniibia." Mama mwenye kaye alijibu kwamba ndoo tano zilikataliwa kwa sababu zilijaa mawe makubwa kama ngumi. Mama kijana akasema huo ni uongo. Mama mwenye kaye akasema: "Wewe umekuja juzi, tumekupa kazi, leo unanitukana mbele ya watoto wangu." Kisha yakatoka maneno mengine, "ninyi wakimbizi", "ninyi wenyeji", na maneno ya makabila ambayo sitayaandika hapa. Nyundo ilinyanyuliwa. Haikumpiga mtu, Mungu asifiwe.

Jumatatu akina mama waliketi makundi mawili. Bidoni ya maji ya kunywa haikupita tena kutoka upande mmoja kwenda upande mwingine. Watoto walikatazwa kucheza pamoja. Ugomvi wa watu wawili ulikuwa umekuwa ugomvi wa watu 14 kwa siku mbili tu.

Neno "umekuja juzi" lina uzito mahali kama Munigi. Watu wa hapa waliona umati wa wakimbizi kutoka Rwanda Julai 1994, na kipindupindu kilichowaua maelfu. Waliona wakimbizi wa Kibati mwaka 2008, wa Kanyaruchinya mwaka 2012, na tena mwaka 2022. Wao wenyewe wamekimbia mara kadhaa kwa sababu ya mlima au ya vita. Mtu ambaye amempokea mgeni mara nne na kugawana naye maji ya kununua anaumia sana akiitwa mwizi. Na mtu aliyeacha shamba lake na nyumba yake anaumia sana akikumbushwa kwamba hapa si kwao.

Namna nilivyokosea

Nilipoitwa, nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Niliwakusanya wote pale pale kwenye mawe. Shefu wa nyumba kumi alikuwapo, na mwenye parseli pia alikuja akaketi kwenye kiti cha pekee kilichokuwapo. Nikawaomba wahusika waeleze, mmoja baada ya mwingine, ili tujue nani ana haki.

Mama mwenye kaye alisema kwa muda mrefu na mwisho alilia. Mama kijana alisema sentensi mbili tu, akainamisha kichwa. Nilifikiri amekosa la kujibu. Shefu wa nyumba kumi alipendekeza ndoo zigawanywe, kila upande upate mbili na nusu. Nikaona ni wazo zuri. Tuliwaomba wapeane mikono, wakapeana, mwenzangu akapiga picha. Katika ripoti ya mwezi niliandika: mzozo umetatuliwa.

Baada ya siku tisa nilipigiwa simu. Mtu fulani alikuwa amechana kurasa nne za kaye usiku. Sasa hakuna aliyejua ndoo za nani ni ngapi.

Nimejiuliza mara nyingi nilikosea wapi. Niliwaketisha watu mbele ya yule ambaye wote walimtegemea, nikidhani kuwapo kwake ni heshima. Niliuliza nani ana haki kabla ya kuuliza nini kimetokea. Nilichukua kimya cha mtu kuwa ni kukubali. Na nilikuwa na haraka. Ripoti ilikuwa inanisubiri, na ripoti hupenda neno "umetatuliwa".

Kinachosemwa na kilicho chini yake

Mzozo si vita, wala si dhambi. Watu wawili wasiohitajiana hawazozani, wanaachana tu. Mzozo unakuja pale watu wanapotegemeana lakini kila mmoja anaona kwamba mwenzake anamzuia kupata anachohitaji. Ndiyo maana mizozo ni mingi zaidi kazini na nyumbani kuliko sokoni. Muuzaji wa soko ukikosana naye leo, kesho unanunua kwa mwingine. Mume, mke, shefu wa kazi au mwenzako wa ofisini utamkuta hapo hapo kesho asubuhi.

Mwaka 1981 walimu wawili wa Marekani, Roger Fisher na William Ury, walitoa kitabu juu ya mapatano ambacho kimetumika sana katika mafunzo ya amani. Wazo lao moja ni rahisi, nalo limenisaidia kuliko mengine yote: tofautisha kati ya msimamo wa mtu na sababu iliyo chini ya msimamo huo. Msimamo ni kile anachosema anataka. Sababu ni kile anachohitaji au anachoogopa kupoteza. Misimamo miwili inaweza kugongana kabisa wakati sababu zake hazigongani.

Mfano mdogo wa ofisini. Wafanyakazi wenzangu wawili waligombania pikipiki ya kazi. Mmoja alisema lazima aondoke nayo Jumanne kwenda Kibati. Mwingine alisema haitoki. Walikataa kusalimiana kwa wiki nzima, na sisi wengine tukaanza kula chakula cha mchana kwa zamu ili tusikae kati yao. Ukiuliza sababu, wa kwanza alikuwa amewaahidi wanakijiji na aliona aibu kuvunja ahadi mara ya pili. Wa pili ndiye aliyetia sahihi ya mafuta, na mwezi uliopita lita zilizokosekana zilikatwa kwenye mshahara wake. Hakuna kati yao aliyetaka pikipiki kwa kweli. Kaye ya mafuta iliyotiwa sahihi na kila anayeendesha ilimaliza jambo hilo kwa siku moja. Si kila mzozo humalizika hivyo, lakini ni mingi kuliko tunavyodhani.

Turudi kwenye mawe. Safari ya pili tuliwasikiliza wahusika mmoja mmoja, mbali na parseli. Mimi nilizungumza na mama mwenye kaye. Kwa mama kijana alikwenda mwenzangu wa kike, kwa sababu kuna mambo ambayo mwanamke hawezi kumweleza kijana wa kiume, hata akiwa na fulana ya shirika. Hili nalo ningelijua tangu mwanzo.

Mama mwenye kaye alinyamaza muda, kisha akasema ukweli. Mwenye parseli alikuwa amemtaka ampe ndoo kadhaa kila wiki, zisizoandikwa, la sivyo angeuza kiwanja na kikundi kingekosa mahali. Aliogopa kuwaambia wenzake. Basi akawa anachukua ndoo kwa yeyote aliyekuwa na nyingi, na wiki ile mwenye nyingi alikuwa mama kijana. Neno la mawe makubwa lilikuwa la kujitetea. Kwa hiyo ndoo tano zilichukuliwa kweli, lakini yeye hakula hata moja.

Mama kijana naye alikuwa na mzigo ambao hatukuuona. Mume wake, aliyekuwa mkulima Rutshuru, hakuwa na kazi tena. Kila jioni alihesabu pamoja naye. Alipoambiwa 43 na kuletewa pesa za ndoo pungufu, alisema mke wake anaficha pesa, au anampa mtu mwingine. Kwa hiyo ndoo zile zililala nao chini ya turubai. Lakini si hilo lililomuuma zaidi. Alikuja kujua kwamba baadhi ya wenyeji katika kikundi walihisi habari za ndoo za mwenye parseli na walikaa kimya. Alimwambia mwenzangu: "Wangeniambia, ningetoa. Mimi peke yangu sikuambiwa."

Na mwenye parseli? Ingekuwa rahisi kumfanya yeye kuwa mbaya wa hadithi. Tulimtembelea pia. Alikuwa na karatasi ya mauzo yenye sahihi ya shefu na mashahidi, lakini hakuwa na hati kutoka ofisi ya serikali. Hali hiyo ni ya watu wengi katika Nyiragongo, ambako mji unapanuka ndani ya ardhi ya kimila ya Bukumu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali, ikaahidi kwamba amri ya Rais ingepanga haki za watu juu ya ardhi ya kimila. Miaka mingi ikapita bila amri hiyo kutoka. Kwa hiyo mtu anaweza kununua kwa shefu leo, na kesho akaja mwingine na karatasi nyingine ya parseli ile ile. Mwenye parseli wetu alitaka pesa za kutafuta hati kabla hajanyang'anywa.

Hofu tatu zilikuwa zimekaa juu ya ndoo moja: hofu ya kupoteza ardhi, hofu ya kupoteza mahali pa kazi, na hofu ya kupoteza ndoa. Kabila lilikuja mwisho kabisa, lakini ndilo lililosikika mbali.

Mara nyingi tukisikia amani ya Kivu tunafikiri juu ya mikutano mikubwa. Goma imeiona mingi: mkutano wa Januari 2008 ulioleta makundi mengi ya silaha na jamii zote, kisha mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 kati ya Serikali na CNDP, ambayo hata yalisema juu ya kamati za kudumu za upatanisho vijijini. Sidharau mikutano hiyo. Lakini hakuna karatasi iliyotiwa sahihi katika hoteli itakayosema ndoo ya kokoto ni lita ngapi, na watu huanza kuitana kwa makabila mahali kama hapo.

Njia tano, na ipi ni nzuri

Mwaka 1974 Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, nao wa Marekani, walieleza njia tano ambazo watu hutumia katika mzozo. Mtu anaweza kukwepa. Anaweza kukubali ili yaishe. Anaweza kushindana mpaka ashinde. Anaweza kugawana nusu kwa nusu. Au wote wawili wanaweza kuketi na kutafuta suluhisho linalojibu mahitaji ya kila upande.

Walimu wengi wa semina husema njia ya tano ndiyo bora daima. Mimi sikubaliani nao. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya mlima kulipuka tena, gavana wa kijeshi aliamuru mitaa kumi ya Goma ihamishwe mara moja. Siku ile hakuna aliyehitaji mkutano wa kusikilizana. Kukwepa pia kuna siku yake: mwenzako akiwa amelewa au amefiwa, ngoja kesho. Na ukigundua kwamba jambo ni dogo kwako na kubwa kwa mwenzako, mwachie.

Nusu kwa nusu ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu inafanana sana na haki. Katika ugomvi wa mawe ingekuwa ndoo mbili na nusu. Mama kijana angebaki ameibiwa nusu, mama mwenye kaye angebaki ni mwizi wa nusu, na wiki iliyofuata mwenye parseli angekuja kudai ndoo zake kama kawaida. Njia ya tano ni ya gharama. Inataka siku nyingi na inataka watu waseme mambo ya aibu. Itumie pale ambapo watu wataendelea kuishi au kufanya kazi pamoja, na pale ambapo ugomvi ule ule unarudi kila mara.

Namna tulivyoketi mara ya pili

Kabla ya kuwaketisha pamoja, tulimwuliza kila mmoja: unaogopa nini tukikaa? Swali hili linafungua mengi. Mama mwenye kaye aliogopa kuitwa mwizi mbele ya mkwe wake, ambaye pia alikuwa katika kikundi. Mama kijana aliogopa kufukuzwa. Tulipanga kikao kulingana na hofu hizo: tulikutana katika chumba cha shule siku ya Jumapili, bila mwenye parseli, bila simu za kupiga picha.

Katika mafunzo kutoka nje tunaambiwa: mwambie mwenzako uso kwa uso, moja kwa moja. Ni vema kati ya watu wa rika moja. Lakini hapa kwetu kijana hamwambii mtu wa umri wa mama yake, "umenikosea". Akisema hivyo, mazungumzo yatahamia kwenye adabu yake na ndoo zitasahauliwa. Tulimwomba mama mmoja mzee, ambaye wote wawili wanamheshimu, apeleke maneno kwanza. Alikwenda kwa huyu, akaenda kwa yule, siku tatu. Kupitia mjumbe si woga. Ni njia ya zamani ya kumpa mkubwa nafasi ya kufikiri kabla hajajibu.

Tuliwasaidia pia kutayarisha maneno. Badala ya "wewe ni mwizi", mama kijana alisema: "Mama, niliposikia 38 na mimi nina vijiwe 43, niliogopa kurudi nyumbani. Ninaomba tuhesabu pamoja kila jioni." Sentensi ya namna hii ina mambo matatu: kilichotokea, kilivyokugusa, na unachoomba. Inaweza kutumika na mume, na mtoto, na hata na shefu wa ofisi. Jaribu kwanza peke yako kwa sauti. Utaona namna "wewe" linavyotaka kuingia mwanzoni kila mara.

Mama mwenye kaye tulimwuliza kama anakubali sisi tueleze habari za mwenye parseli. Alikataa. Alisema: "Nitasema mwenyewe." Na alisema. Kulikuwa na kelele, mmoja alitoka nje akarudi. Mkwe wake ndiye wa kwanza aliyesema, "Mama, ungetuambia."

Mapatano yalikuwa ya kawaida sana. Ndoo ya kupimia itakuwa moja, yenye alama ya rangi nyekundu mahali pa kujazia. Watahesabu watu wawili, mmoja wao kutoka kwa waliohamia. Kaye itasomwa kwa sauti kila jioni kabla ya kwenda nyumbani. Kila mama atatoa ndoo moja kwa wiki kwa ajili ya parseli, na itaandikwa. Mwenye parseli, tuliyemwona baadaye na wajumbe watatu wa kikundi, alikubali hilo, na aliahidi kuwajulisha mwezi mmoja kabla kama atauza. Na kwa sababu mnunuzi hulipa kwa kuchelewa, likelemba ya kikundi ingetoa mkopo mdogo kwa aliye na shida wakati kamyo inasubiriwa. Wote walitia kidole ndani ya kaye mpya.

Habari za nyumbani hatukuziingilia moja kwa moja. Hatukumwita mume. Mzee mmoja wa kijiji chao cha zamani alimleta jioni moja kwenye mawe, kama watu wanaopita tu, wakasimama wakati kaye inasomwa. Alisikia jina la mke wake na hesabu yake mbele ya watu wote. Hakuomba radhi. Aliacha kuuliza, na mke wake alisema hiyo ilimtosha kwa wakati ule.

Akina mama hawa wawili hawakuwa marafiki. Walisalimiana, walipitishiana bidoni. Kazi haikudai zaidi ya hapo.

Pale ambapo kupatanisha ni kosa

Kama mwenzangu angesikia kwamba mume yule alimpiga mke wake, tungefanya mengine. Mtu anayepigwa hawezi kuketi na anayempiga na kusema ukweli, kwa sababu baada ya kikao atarudi naye nyumbani. Kumwambia "mpatane" ni kumrudisha kwenye hatari. Kwanza mtafutie mahali salama, matibabu, na mtu wa sheria.

Vivyo hivyo mkubwa wa kazi anayemtaka mwanamke kingono ili ampe kazi, au mfanyakazi wa msaada anayefanya hivyo ili aandike jina kwenye orodha. Hayo si kutoelewana. Ni kosa la jinai. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu jeuri ya kingono na pia usumbufu wa kingono, na sheria ya pili ya siku ile ile hairuhusu kesi za namna hiyo kumalizwa kwa kulipa faini tu. Sisi wa mashirika tusijifanye tuko nje ya jambo hili. Septemba 2021 tume huru ilitoa ripoti kwamba wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 huku mashariki, wanawake walitakwa kingono ili wapate kazi, na baadhi ya wahusika walikuwa watumishi wa Shirika la Afya Duniani. Mbuzi na sabuni vilivyopelekwa kwa familia ya msichana havifuti jambo hilo.

Mshahara usiolipwa nao una njia yake. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mzozo kati ya mfanyakazi na mwajiri upelekwe kwanza kwa mkaguzi wa kazi ili ajaribu kupatanisha, kabla ya mahakama. Pale ambapo ofisi hiyo inafanya kazi, itumieni, na wekeni nakala ya kila karatasi. Tangu benki za Goma zilipofungwa mwanzoni mwa mwaka 2025, nimesikia ugomvi mwingi wa mishahara kati ya watu ambao wote wawili hawakuwa na hatia. Hata hapo ni afadhali mwajiri aseme wazi nini kipo na nini hakipo kuliko kunyamaza. Mimi nimewahi kufanya kazi miezi mitatu bila mshahara kwa mwajiri ambaye hakueleza lolote. Pesa zilikuja mwishowe, lakini kimya kile bado ninakikumbuka.

Baada ya hapo

Februari 2025, baada ya vita kuingia Goma, kambi zilizozunguka mji ziliondolewa na watu wakaambiwa warudi makwao. Mama kijana alikuja kwenye mawe asubuhi na watoto wake na mizigo. Hakuja kuaga tu. Aliomba mstari wake katika kaye ufungwe. Alikuwa na ndoo 17 ambazo kamyo haikuwa imezichukua. Mama mwenye kaye alizisoma kwa sauti, mwingine akahakikisha, na likelemba ikamlipa zote siku ile ile, ingawa hakuna aliyejua kamyo itakuja lini.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Fikirini mzozo mmoja mnaoujua kazini au nyumbani. Kila upande unasema unataka nini? Unaogopa kupoteza nini?

Katika kikao chetu cha kwanza, nani hakupaswa kuwapo? Katika vikao vyenu, ni nani ambaye akiwapo wengine hunyamaza?

Kwenu, kijana akikosewa na mkubwa hutumia njia gani kumweleza? Nani anafaa kuwa mjumbe, na ni nini kinamfanya aaminike?

Mama mwenye kaye alidanganya ili kulinda mahali pa kazi pa wote. Angefanya nini kingine? Ninyi mngemfanyia nini?

Je, kuna jambo ambalo katika jamii yenu humalizwa kwa mapatano, na ambalo lingepaswa kupelekwa kwa sheria? Ni nani anayefaidika likimalizwa kimya kimya?